Asibaki Mtu

Kwanza mjue kwamba mtu huyu alikuwa amechoka. Si uchovu wa kubeba mizigo, ule ukioga na kula unakwisha. Huu ulikuwa uchovu wa kukaa kwenye kiti kutwa nzima ukisikiliza kitu kilekile mara mia, mpaka ukitoka nje hata honi ya gari unaona imekosea noti. Watu walimwita Masikio. Alikuwa fundi wa muziki, na studio yake ilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba aliyoishi na mkewe. Mlikuwa na kinanda, kompyuta, spika mbili, na godoro kuukuu alilolisimamisha ukutani ili kelele za majirani zisiingie kwenye kazi yake.

Yeye Masikio alimwita mkewe Bibie. Bibie alikuwa mwalimu wa chekechea, na sauti yake ilijulikana mtaa mzima, maana akiita watoto watoke kwenye michanga, hata watoto wasio wake walitoka. Alikuwa na utani wake wa siku nyingi. "Jina kubwa, kazi hakuna," angewaambia wageni. "Huyu anasikia mbu ndani ya wimbo wa mtu mwingine. Mkewe amwite kutoka jikoni, hasikii." Zamani walikuwa wakicheka wote wawili. Siku hizi Bibie alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akasema, "Nimechoka," naye Masikio akajibu kutoka chumba cha nyuma, "Na mimi," na mazungumzo ya jioni yakawa yameishia hapo.

Kazi iliyokuwa inamtafuna wakati huo ilikuwa tangazo la magodoro. Ndiyo, magodoro. Mtu ambaye hajalala vizuri tangu ajulikane, ameambiwa atunge muziki wa kulaza watu. Mteja aliurudisha kila mara na maneno yaleyale: "Mzuri, lakini bado hauleti usingizi." Masikio akanuna, akabadilisha ngoma, akabadilisha besi, akautuma tena. Mteja akaurudisha tena.

Basi alasiri moja yenye joto la kukaanga, aliiweka kompyuta irekodi, akaiachia mikono ining'inie chini ya kinanda, na usingizi ukamchukua hapohapo. Alianguka kifudifudi kwenye vibonye. Alipoamka shavu lilikuwa na mistari ya vibonye, mate yamemtoka, na kompyuta ilikuwa bado inarekodi. Chini ya traki zake nane za siku zote, zile safu ambazo kila moja hubeba chombo kimoja, kulikuwa na ya tisa. Haikuwa na jina.

Akaicheza. Ilikuwa tuni fupi, inapanda taratibu, inapanda, halafu inasita kabla ya kufika, kama mtu aliyepanda ngazi akasahau amefuata nini juu. Masikio akajifuta mate akacheka peke yake. "Kumbe shavu langu lina kipaji kunizidi."

Halafu akatazama zile noti kwenye kioo cha kompyuta. Zilikuwa zimeachana sana, nyingine huku kushoto kabisa, nyingine kule kulia kabisa, na zilibonyezwa kwa pamoja. Shavu la mtu halina upana huo. Hilo aliliona, nataka mjue kwamba aliliona. Lakini mtu aliyechoka akikutana na jambo la ajabu, la kwanza analofanya ni kulisamehe. Akaiacha ikae.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imezeeka. Iliunguruma kama mtu mwenye pumu, na kila siku iliganda katikati ya kazi. Masikio alikuwa amepata nyingine mpya, yenye programu nyingine ya muziki, nzuri zaidi, na ile ya zamani alimwahidi shemeji yake, mdogo wa Bibie. Shemeji alikuwa kinyozi, lakini roho yake ilikuwa kwenye muziki. Alimwiga Masikio katika kila kitu, hadi kuvaa hedifoni shingoni wakati ananyoa watu. Siku ya kuichukua kompyuta alikuja na bintiye, mtoto wa miaka minne waliyemwita Kasuku, ambaye tangu aanze kusema hakuwa amenyamaza.

"Mjomba, kwa nini godoro limesimama? Halichoki? Mjomba, hii waya inakula nini? Mjomba—"

"Kasuku, hebu mpe mjomba nafasi apumue," akasema Shemeji. "Shem, huyu mtoto ananimaliza. Ningepata siku moja tu ya kimya, siku moja, ningeshukuru."

Masikio alikuwa anachagua traki za kuhamisha. Hapa lazima niwaeleze jambo, na mnivumilie, kwa sababu shida yote imekaa hapa. Mafundi hawa wakitaka kutoa wimbo kwenye programu moja waupeleke kwenye nyingine, mara nyingi huuhamisha kwa njia ya midi. Midi si sauti. Midi ni maagizo tu, bonyeza hapa, kwa nguvu hii, shikilia, achia. Ni kama dada yako anayekuelekeza mapishi kwa simu. Weka chumvi, koroga, funika. Chakula hakimo ndani ya simu. Kwa hiyo traki ikifika kule inakofika, inafika bubu, na fundi ndiye anayeipa chombo cha kuisemea. Ukiipa ngoma italia ngoma, ukiipa zumari italia zumari.

Masikio akaziwekea alama zote, ya kwanza hadi ya mwisho, akabonyeza kitufe, na akasema maneno aliyokuwa akiyasema kila mara anapohamisha. Yalikuwa maneno ya marehemu mama yake, wakati akiwatoa watoto wake nyumbani asimwache mmoja amelala nyuma ya mlango.

"Haya, twendeni wote. Asibaki mtu."

Shemeji akacheka. "Unaongea na nani, shem?"

"Na wapangaji wangu. Leo wanahama."

"Na kule wamekaribishwa?"

"Karibuni wote," akasema Masikio, akipiga miayo. "Kuna nafasi."

Kasuku alikuwa amenyamaza. Alikuwa anaitazama ile pembe kati ya godoro na ukuta. "Mjomba," akasema polepole, "yule naye anahama?"

Hakuna aliyemjibu, maana maswali yake yalikuwa mengi na watu wazima walishazoea kuyaacha yapite. Shemeji akabeba kompyuta kifuani kama mtoto wa pili, akaondoka.

Kwenye kompyuta mpya traki zilifika salama, bubu kama inavyotakiwa, na programu ikazipa zote sauti ya piano ili fundi azipange mwenyewe. Masikio akaanza, hii ngoma, hii besi, hii gitaa. Alipofika ya tisa akakuta imeshapata chombo chake. Kilikuwa kimeandikwa *Bibie*.

Chombo hicho alikitengeneza mwenyewe mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Jumapili moja alimweka mkewe mbele ya maikrofoni, mgongo umegemea lile godoro, akamwambia aimbe "aaa" kwa kila kibonye cha kinanda, kutoka chini hadi juu. Walicheka siku nzima. Baadaye akakaa akazisafisha zile sauti moja moja, na pumzi zote za Bibie, kila alipovuta hewa kabla ya kuimba, alizikata akazitupa, kwa sababu kwa fundi pumzi ni uchafu. Bibie alimuuliza siku ile, "Sasa sauti yangu yote umeichukua, mimi nitabaki na nini?" Naye akamjibu, "Utabaki na mimi."

Hakukumbuka kuichagua sauti ile. Akasema huenda aliichagua huku anasinzia. Akabonyeza icheze, na Bibie wa miaka ile akaimba ile tuni inayopanda na kusita, kwa utamu uliomfanya Masikio akae na mikono mapajani. Akautuma wimbo.

Mteja akapiga simu kabla hata chai haijapoa. "Hiyo! Hiyo sauti ndiyo! Ndugu yangu, nimesinzia hapa ofisini, katibu wangu kasinzia. Nitengenezee nyingine tano hivihivi, sauti hiyohiyo!"

Siku iliyofuata Bibie alirudi kutoka kazini na sauti imekwaruza.

"Umechoka tu," akasema Masikio.

"Nimechoka tu," akakubali Bibie.

Mwalimu mwenzake alimwambia amechoka. Daktari alimchungulia kooni kwa tochi, akasema koo ni safi, hakuna kidonda, hakuna uvimbe, mama umechoka, pumzisha sauti. Bibie akaipumzisha. Darasani akawa anawaita watoto kwa kupiga makofi. Na kila Masikio alipotengeneza wimbo mwingine wa magodoro kwa ile traki ya tisa, sauti ya mkewe ilipungua kidogo, kwanza zile za juu, kisha za katikati, mpaka akabaki ananong'ona. Mngedhani fundi wa sauti angelitambua hilo mapema. Hakulitambua. Mtu huwa hasikii kinachopungua nyumbani kwake.

Alichokisikia kilikuwa kingine. Alisikia pumzi.

Ilikuja kabla ya kila noti, ndogo, hewa ikivutwa puani na mtu anayejiandaa kuimba. Masikio akakasirika, akadhani ni uzembe wake wa zamani, akafungua zile sauti alizorekodi akazisikiliza moja moja. Zilikuwa safi. Hakuna pumzi hata moja. Akacheza traki: pumzi. Akasimamisha, akasogeza sikio kwenye spika, na hapo shavu na pua vikamwambia jambo ambalo sikio halijamwambia, kwamba kitambaa cha spika kilikuwa na uvuguvugu, na kilinuka mdomo, harufu ile ya mtu aliyekaa na njaa kinywa kimefumbwa.

Na wimbo ulikuwa umesimamishwa. Pumzi ikaja tena.

Watu wanadhani majini hungoja usiku. Huyu hakuwa na habari na saa. Ilikuwa mchana kweupe, nje wauza maji wanapita, jirani anatwanga, redio ya mtu inataja matokeo ya mpira. Masikio alijikokota hadi jikoni, akamkuta Bibie amesimama mbele ya sufuria, mwiko mkononi, hakorogi.

"Ni nani anaimba huko nyuma?" Bibie alinong'ona. Ilibidi Masikio amkaribie ili amsikie, na ilikuwa muda mrefu hajamkaribia hivyo.

"Ni wewe. Ile sauti yako ya zamani."

"Umeiacha inacheza?"

"Nimeizima."

Kutoka chumba cha nyuma ilipanda ile tuni, ikapanda, ikasita.

"Masikio," akanong'ona Bibie, "mimi nipo hapa. Kama mimi nipo hapa..." Midomo yake ikaendelea kusogea, lakini hakuna kilichotoka, hata ule mnong'ono. Akajaribu tena. Akashika koo. Macho yakamtoka, machozi yakamjaa, na mdomo ukawa unafunguka na kufumba bure, kimya, kimya kabisa, na wakati mumewe bado anamtazama mdomo wake uliofumba, sauti yake, nzima, ya leo, yenye uchovu wake wote, ikaita kutoka chumba cha nyuma.

"Masikio!"

"Naam!" akaitika.

Miaka yote ile Bibie alimwita kutoka jikoni naye hakusikia. Leo alisikia mara moja, na aliyemwita si Bibie. Bibie alimtazama, na lile jicho lilimuuma kuliko kama angemtukana.

Wakamwita shangazi yake Bibie. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na watu wenye shida za aina hii walimjia kwa mlango wa nyuma, baina ya nguo moja na nyingine. Alifika na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akakaa kitini bila kukaribishwa, akashusha pumzi ndefu.

"Nimechoka na haya mambo, wanangu," akasema. "Na yenyewe yamenichoka. Haya, nisimulieni."

Masikio akasimulia. Alipofika pale pa kulala juu ya kinanda, Shangazi akainua mkono.

"Kinanda kilikuwa wazi?"

"Wazi, na mashine inarekodi."

"Na mwenyewe umelala. Umefungua duka ukaondoka, mwanangu. Halafu?"

Alipofika pale pa *twendeni wote, asibaki mtu*, na pale pa *karibuni*, Shangazi akafumba macho kama aliyedungwa sindano. "Kasuku alikiona hicho kitu," Masikio akaongeza kwa sauti ndogo. "Aliuliza kama naye anahama. Sikumjibu."

"Watoto hamuwajibu," akasema Shangazi. "Haya, twende nikakisalimie."

Chumba cha nyuma kilikuwa na joto lililozidi la nje. Lile godoro ukutani lilikuwa limebonyea katikati, usawa wa mgongo wa mtu mzima, kama mtu ameliegemea na bado ameliegemea. Bibie alibaki mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Shangazi hakupaza sauti. Alisema na zile spika kama anavyosema na mteja msumbufu.

"Unataka nini?"

Pumzi ikavutwa. "Sauti," ikajibu spika, kwa sauti ya Bibie.

"Hiyo ina mwenyewe."

"Nilipewa."

Shangazi akamgeukia Masikio. "Kweli ulimpa, ulipomkaribisha ukamwimbisha. Kisicho na koo kikipewa koo, hakirudishi kwa hiari, na mimi siwezi kukinyang'anya kitu ambacho sikukipa mimi. Futa hilo koo."

"Unasema chombo? *Bibie*?"

"Chote."

Mkono wa Masikio ulikwenda kwenye kipanya ukasimama. Nataka mmwelewe. Ndani ya chombo kile kulikuwa na Jumapili ile yote. Hakuwa na nyingine. Hawakuwa wamecheka siku nzima tena tangu siku ile, na wala hakujua kama wangepata nguvu ya kucheka tena. Na spika zilijua.

"Usinifute," ikasema sauti ya mkewe, taratibu, ikilia. "Masikio. Umesema nitabaki na wewe. Mimi ndiye ninayekuita ukaitika. Huyo mlangoni hakuiti tena. Mume wangu, nimechoka kukuita, usinifute, usinifute..."

Nayo ikaendelea hivyo, ikishuka na kupanda, ikaingia ndani ya ile tuni bila kukoma, na ile harufu ya njaa ikajaa chumba mpaka Shangazi akaziba pua kwa ncha ya kitambaa chake, na godoro likaanza kubonyea zaidi na zaidi kama mgongo ule unasukuma ukuta ili usimame, na Masikio akahisi kope zake zinakuwa nzito, nzito ule uzito mtamu ambao mteja aliulipia, na akajua kwamba akisinzia sasa hivi, dakika moja tu, hataamka akiwa yeye. Ndipo kitu kikamgusa bega. Bibie alikuwa ameingia. Alikuwa amesimama mbele yake, midomo inasema jambo moja polepole bila sauti yoyote, na Masikio, kwa mara ya kwanza katika miaka, akaacha masikio yake akamsikiliza kwa macho.

*Mimi. Nipo. Hapa.*

Akafuta.

Sauti ilikatika katikati ya neno. Lakini ile traki haikusimama. Kwenye kioo noti ziliendelea kukimbia, zikijibonyeza zenyewe kwa nguvu zote, zote kwa pamoja, maagizo matupu yasiyo na wa kuyatii, na spika hazikutoa kitu, na vioo vya dirisha vikaanza kutetemeka kwa kelele ambayo hakuna aliyeisikia, na Masikio akaona kwa macho yake mtu asiyeonekana anapiga mayowe asiyoweza kuyatoa, na akakishika kile kipanya kwa mikono miwili kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo, akaichagua traki ya tisa, akaifuta nayo.

Dirisha likatulia. Godoro likajaza hewa taratibu, likanyooka.

"Nina kiu," akasema Bibie.

Ilikuwa sauti mbaya, ya mkwaruzo, sauti ya mwanamke aliyefundisha watoto siku nzima. Masikio aliisikia yote, pamoja na pumzi zake. Akamletea maji mwenyewe, na akashika glasi wakati anakunywa, na wote wawili wakalia kidogo, kilio cha watu waliochoka, kisicho na kelele. Shangazi akawaacha. Akaenda mlangoni, akainama kuvaa viatu huku analalamikia magoti yake.

"Sasa kule alikotoka," akauliza akiwa ameinama, "umeshafunga?"

"Kule wapi, Shangazi?"

"Si umesema ulimhamisha? Mtu akihama, nyumba ya zamani inabaki tupu. Ni tupu?"

"Ndiyo, niliwahamisha wo..." Masikio akasita.

Hilo neno. Mafundi wote wanalitumia. Hamisha midi, nimeshahamisha, umehamisha? Wamelisema mpaka wamesahau kwamba si kweli. Kompyuta haihamishi kitu. Inanakili. Kilichokwenda ni nakala, na kile cha mwanzo kinabaki palepale kilipokuwa, hakijaguswa.

"Haihamishi," akasema. "Inatoa nakala. Ile ya kwanza inabaki."

Shangazi akavua tena kiatu alichokuwa amekivaa. "Basi hukumhamisha, mwanangu. Umemzalisha."

Bibie alikuwa tayari ameshika simu. Akakosea kubonyeza, akarudia. Akaiweka sauti ya nje ili wote wasikie. Ikaita, ikaita. Mdogo wake akapokea, na mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Dada! Sauti imerudi? Alhamdulillahi! Nilikuwa nataka kumpigia shem. Mwambie nimeshaweza! Nimezihamisha zote kwenye programu yangu, peke yangu, bila kumuuliza mtu."

"Zote ngapi?" akauliza Masikio.

"Tisa. Wewe uliniambia nane, nikasema shem kachoka, amesahau. Na hiyo ya tisa, shem, acha! Unajua nilimrekodi Kasuku aaa, aaa, kama ulivyomfanyia dada? Basi hiyo traki imekuja na sauti ya Kasuku moja kwa moja, hata sikuichagua. Wateja wangu wanasinzia kwenye kiti!"

"Izime," akasema Bibie. "Mdogo wangu, izime sasa hivi. Kasuku yuko wapi?"

"Yuko hapa. Amekaa mbele ya spika, katulia kama maji mtungini. Tangu asubuhi hajasema neno hata moja." Kinyozi akacheka, akapiga miayo mirefu. "Usinikatishie raha, dada. Leo ndiyo nimepumzika."

Na nyuma ya miayo ile, karibu kabisa na simu, Masikio akasikia hewa ikivutwa kwa pua ndogo, ya mtu anayejiandaa kuimba.